Kadi mbili za grafiki zisiwe kisingizio cha kupandisha bei ya kompyuta za gemu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo linalowagharimu fedha nyingi vijana wa mji wetu wa Dodoma, hasa wanafunzi wa vyuo na wahariri wa video wanaoanza kazi. Katika baadhi ya maduka ya kompyuta ya hapa mjini, na katika matangazo yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, imekuwa kawaida kompyuta ya gemu iliyokwisha kuunganishwa kutangazwa kwa maneno “ina kadi mbili za grafiki”, yaani vifaa viwili vya kuchora picha za skrini, na maneno hayo peke yake yanatosha kuipandisha bei kwa laki kadhaa, wakati mwingine kupita milioni. Mimi ni fundi wa kompyuta. Mashine hizo huletwa mezani kwangu zikiwa zimeshalipiwa, na kazi ninayobaki nayo ni kumweleza mwenye mali kile ambacho muuzaji alipaswa kumweleza kabla hajapokea fedha: kwamba katika gemu nyingi za leo kadi ile ya pili haifanyi kazi yoyote, na kwamba watengenezaji wenyewe wa kadi hizo waliiacha teknolojia hiyo miaka kadhaa iliyopita.

Teknolojia yenyewe haikuwa ya uongo, na ni haki kueleza ilikotoka. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2, na kadi mbili za aina hiyo ziliweza kuunganishwa katika kompyuta moja, kwa mfumo ulioitwa SLI, ili moja ichore mistari shufwa ya skrini na nyingine ichore mistari witiri. Kampuni hiyo ilipoanguka, teknolojia yake ilichukuliwa na NVIDIA, ambayo mwaka 2004 ililirudisha sokoni jina la SLI kwa mfumo mpya ulioanzia kwenye kadi za GeForce 6. Mwaka uliofuata mshindani wake, ATI, alikuja na mfumo wake wa CrossFire, na mwaka 2006 ATI ikanunuliwa na AMD. Kwa takriban miaka kumi baada ya hapo, mtu mwenye fedha aliyetaka kasi ambayo hakuna kadi moja iliyoweza kuitoa alikuwa na sababu ya kweli ya kununua mbili. Na asiyekuwa na fedha aliweza kununua moja, akangoja bei ishuke, kisha akaongeza ya pili. Sifa hiyo ndiyo inayouzwa hadi leo madukani kwetu, ingawa mazingira yaliyoizaa hayapo tena.

Njia iliyotumiwa zaidi na kadi hizo ilikuwa ni kupokezana fremu, yaani zile picha moja moja zinazopita kwenye skrini kwa haraka hadi jicho likaona mwendo. Kadi ya kwanza huchora fremu ya kwanza, kadi ya pili huchora fremu ya pili, fremu ya tatu hurudi kwa kadi ya kwanza, na mzunguko huo huendelea. Kwa hesabu ya karatasi kasi inakaribia kuwa mara mbili, na katika baadhi ya gemu za wakati ule ilikaribia kweli. Lakini gemu inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde inatakiwa kuleta fremu mpya kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, na kadi mbili haziwezi kupishana kwa usawa huo wakati wote. Fremu moja inaweza kufika milisekunde 5 tu baada ya iliyotangulia, na inayofuata ikachelewa hadi milisekunde 28. Programu ya kupima kasi itachukua wastani na kuandika 60 vilevile, wakati mchezaji aliyeketi mbele ya skrini anaona picha inayokwamakwama kana kwamba ni 35. Ndiyo maana huwasihi wateja wasiridhike na namba wanayoonyeshwa kwenye kona ya skrini dukani. Washike panya wenyewe, wageuze kamera ya gemu taratibu kulia na kushoto, na watazame kwa macho yao.

Tatizo jingine ni zito zaidi, na kwa maoni yangu ndilo lililouzika mfumo huu. Gemu nyingi za zamani zilichora kila fremu upya pasipo kuitegemea sana iliyopita. Katika muongo wa 2010 gemu kubwa zilizidi kutumia taarifa za fremu zilizotangulia ili kulainisha kingo za picha, na mbinu za sasa za kukuza picha, kama DLSS ya NVIDIA na matoleo ya karibuni ya FSR ya AMD, zinategemea historia hiyo hiyo. Basi ikiwa fremu iliyotangulia imechorwa na kadi nyingine, kadi inayochora sasa lazima isubiri taarifa zihamishwe kutoka kwa mwenzake, na muda uliotarajiwa kuokolewa unaishia katika kusubiri huko. Watengenezaji wa gemu walitakiwa kuchagua kati ya kuziacha mbinu zinazowanufaisha wachezaji wote na kuwaacha wateja wachache wenye kadi mbili, nao wakawaacha wale wachache. Ni kweli kwamba mwaka 2015 Microsoft ilileta DirectX 12, iliyowapa waandishi wa gemu uwezo wa kuzisimamia kadi mbili wao wenyewe badala ya kuitegemea draiva (programu inayoiongoza kadi), lakini kazi hiyo ni kubwa na waliokubali kuibeba ni wachache mno.

Nije kwenye memori, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wanapopotoshwa zaidi. Kadi mbili zinazopokezana fremu zinalazimika kila moja kubeba nakala yake ya vitu vyote vilivyomo kwenye gemu: kuta, nyuso, miti, vivuli. Kadi mbili zenye GB 4 kila moja haziipi gemu GB 8. Zinaipa GB 4, mara mbili. Mkanganyiko huu haukuanzia Dodoma, maana hata maboksi ya kadi zenye chipu mbili kwenye ubao mmoja yaliandikwa jumla. GeForce GTX 690 ya mwaka 2012 ilitangazwa kuwa na GB 4 wakati kila chipu ilikuwa na GB 2. Radeon R9 295X2 ya mwaka 2014 ilitangazwa kuwa na GB 8, nayo ilikuwa na GB 4 kwa kila chipu. Titan Z ya mwaka huo huo, iliyouzwa Marekani kwa dola 2,999, iliandikwa GB 12 na gemu iliona GB 6. Hata hivyo, anayesoma maelezo ya kiufundi ya kadi hizo huko zilikotoka anaukuta mgawanyo huo umeelezwa. Hapa kwetu mnunuzi anaambiwa kwa mdomo “hii ni GB 8”, na hakuna karatasi inayoeleza zaidi ya hapo.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kimojawapo cha hapa mjini aliniletea mashine ya namna hiyo akilalamika kwamba gemu aliyoikusudia inakwama kila baada ya muda mfupi. Ilikuwa na kadi mbili za GB 4, na muuzaji alikuwa amemwandikia GB 8 kwenye ujumbe wa simu. Gemu hiyo, kwa kiwango cha picha alichokuwa amekiweka, ilihitaji zaidi ya GB 4. Nilichomoa kadi moja, nikapunguza ubora wa picha kwa hatua moja, na mashine ikatulia kuliko ilivyokuwa na kadi zote mbili. Fedha aliyokuwa amelipa ilitokana na mavuno ya zabibu ya mzazi wake, na kadi niliyoichomoa ilikuwa sehemu kubwa ya bei aliyotajiwa. Alipouliza, “Sasa fundi, hii nyingine nilinunua ya nini?” sikuwa na jibu la kumpa ila kumweleza haya ninayoyaandika hapa.

Iwapo kuna msomaji anayedhani kwamba huu ni mtazamo wa fundi mmoja wa mkoani, na atazame walichofanya watengenezaji. Mwezi Mei mwaka 2016 NVIDIA ilipoitambulisha GeForce GTX 1080, mkuu wake Jensen Huang alijivunia jukwaani kwamba kadi hiyo moja ina kasi kuliko GTX 980 mbili zilizoungwa kwa SLI. GTX 980 ilitoka mwaka 2014 kwa dola 549, kwa hiyo mbili zilikuwa dola 1,098, na kwa pamoja zilikadiriwa kutumia wati 330. GTX 1080 ilianzia dola 599 na wati 180, tena na memori ya GB 8 ambayo gemu inaitumia yote. Mwaka huo huo GTX 1060, kadi ya watu wa kipato cha kati, ilitoka bila uwezo wa SLI kabisa. Mwaka 2019 AMD nayo ilitoa Radeon RX 5700 bila njia ya kuziunganisha mbili. Mwaka 2020, katika kizazi cha RTX 30 cha kadi za gemu, uwezo huo ulibakizwa kwa RTX 3090 peke yake, iliyoanzia dola 1,499, na kuanzia tarehe 1 Januari 2021 NVIDIA iliacha kuandaa mipangilio mipya ya SLI kwenye draiva zake. Kizazi cha RTX 40 kilipotoka mwaka 2022 hakikuwa hata na sehemu ya kuchomekea daraja la kuziunganisha kadi. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, mtu aliyenunua RTX 3090 mbili kwa bei ya kuanzia alitoa kama shilingi milioni 7.5 kabla ya usafiri na kodi, naye ni miongoni mwa wa mwisho waliouziwa kadi za gemu za NVIDIA zenye uwezo huo.

Kinachofika kwetu kwa jina la kadi mbili, basi, ni mashine iliyotumika nje, na mara nyingi kadi zilizomo ni za kati ya mwaka 2012 na 2017. Umri wa kifaa peke yake si kosa. Nusu ya kazi zangu zinatokana na vifaa vilivyotumika, na vingi vinawafaa wenyewe vizuri. Lakini kadi nyingi za kizazi cha GTX 600 na 700 zilikwisha kuondolewa kwenye draiva mpya za gemu tangu mwaka 2021, na za GTX 900 na GTX 10 zilifikia mwisho huo Oktoba 2025, zikabakiziwa marekebisho ya usalama tu. Prosesa zinazoambatana nazo nyingi ni za miaka ambayo Windows 11 haizikubali rasmi, wakati Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mnunuzi analipishwa bei ya mashine ya kesho kwa mashine ambayo mwaka hadi mwaka itazidi kukataliwa na gemu mpya. Nimewasikia wauzaji wakiitetea bei hiyo kwa kutaja kadi hizo zilikuwa za bei gani zilipokuwa mpya huko Marekani, kisha wakizidisha kwa mbili, na sijapata kusikia hoja dhaifu kuliko hiyo.

Mazingira yetu ya Kanda ya Kati nayo yanaongeza uzito. Kadi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya keisi hupumuliana joto, kwa sababu feni za ile ya juu zinavuta hewa iliyokwisha kupashwa na ya chini. Katika chumba cha kupanga cha Ng'hong'hona au Chang'ombe, mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la chumba peke yake linatosha kuielemea mashine. Kisha kuna vumbi letu, ambalo katika miezi ya upepo wa kiangazi huziba mapezi ya kupoozea hadi yakawa kama yamefunikwa kitambaa. Kadi moja nitaisafisha kwa muda mfupi na kuirudisha. Kadi mbili zilizobanana huwa zimejaza vumbi katikati, mahali ambapo mwenye mashine hawezi kupafikia bila kuzing'oa. Upande wa umeme, kadi ya pili ya wati 250 ikifanya kazi kwa saa nne inakula uniti moja nzima. Kwa mteja wa umeme wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambaye uniti inamfikia kwa takriban shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, hiyo ni zaidi ya shilingi elfu kumi kwa mwezi akicheza kila siku, na ni kwa kadi ya nyongeza tu.

Yapo pia ya pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na hili naomba wasomaji walizingatie kwa sababu linaweza kuunguza mali. Kadi mbili za wati 250 pamoja na prosesa kubwa zinahitaji pawa saplai ya kweli ya wati 800 au zaidi. Ninazozikuta ndani ya mashine hizi mara nyingine zina kibandiko kinachosema wati 750, na ukisoma jedwali dogo lililo pembeni unakuta mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha kadi na prosesa, una ampea 30 tu. Zidisha 12 kwa 30, unapata wati 360. Hesabu hiyo mtu yeyote anaweza kuifanya akiwa bado amesimama dukani, akifunguliwa keisi, na muuzaji anayekataa kuifungua keisi amekwisha kumpa mnunuzi sababu ya kuondoka. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kama tunavyofahamu wote, pawa saplai dhaifu iliyoelemewa ndiyo inayotangulia kufa, na mara nyingi haifi peke yake.

Kwa upande wa laptopu, maneno “kadi mbili” yanatumika kwa namna nyingine kabisa. Mnunuzi anafunguliwa dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya mashine, anaonyeshwa GPU 0 na GPU 1 (GPU ni chipu ya grafiki), na anaambiwa nguvu zake zinajumlishwa. Hazijumlishwi. Ile ya kwanza kwa kawaida ni grafiki iliyomo ndani ya prosesa, inayofanya kazi nyepesi ili betri idumu, na ya pili ni kadi ya NVIDIA au AMD inayoamshwa pale kazi nzito inapokuja. Mpango huu NVIDIA iliutambulisha mwaka 2010 kwa jina la Optimus na sasa laptopu nyingi za gemu zina kitu cha namna hiyo. Ni mpango mzuri, lakini hauongezi kasi ya gemu. AMD kwa miaka kadhaa kuanzia 2011 ilijaribu kweli kuziunganisha grafiki za ndani ya prosesa na kadi ndogo ya pembeni kwa jina la Dual Graphics, na manufaa yake yalikuwa haba kiasi kwamba nayo iliachwa. Katika dirisha hilo hilo kuna mtego wa memori: kiasi kinachoandikwa kwa ujumla kinahesabu memori ya kadi pamoja na nusu ya RAM, yaani memori ya kazi ya mashine yenyewe, ambayo kadi inaweza kuiazima. Laptopu yenye kadi ya GB 4 na RAM ya GB 16 itaandika GB 12, na nimeona tangazo lililoiita “kadi ya GB 12” bila aibu. Namba ya kuitazama ni ile ya memori maalumu ya kadi peke yake.

Sina ugomvi na biashara ya kuuza kompyuta zilizokwisha kuunganishwa, na sipendi barua hii isomwe hivyo. Anayezileta analipia mzigo kutoka Dubai au Guangzhou, analipia kodi, analipia gari au treni kutoka Dar es Salaam, takriban kilomita 450, anamlipa fundi wa kuziunganisha na kuzijaribu, na akitoa dhamana ya kweli anabeba hasara ya zitakazorudi. Kuna nyakati mashine nzima huwa nafuu kuliko kununua kipuri kimoja kimoja. Ilikuwa hivyo kati ya mwaka 2020 na 2022, pale uchimbaji wa sarafu za kidijitali na uhaba wa chipu ulipozifanya kadi ziuzwe mbali juu ya bei ya kuanzia, na tangu mwishoni mwa mwaka 2025 memori nayo imepanda sana duniani kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Mwenye duka anayepandisha bei kwa sababu hizo ana haki, na akizieleza anaeleweka. Ninachokipinga ni bei inayopandishwa kwa kitu kisichomsaidia mnunuzi, huku vitu vinavyomsaidia vikinyamaziwa.

Na vinanyamaziwa kweli. Sijui ni mara ngapi nimefungua mashine iliyonadiwa kwa kadi mbili, feni zenye taa za rangi na kioo ubavuni, nikakuta ndani yake kijiti kimoja cha RAM mahali ambapo vijiti viwili vyenye jumla hiyo hiyo vingeifanya prosesa ipokee data kwa upana maradufu. Ajabu ni kwamba hicho ndicho kifaa ambacho kuwa kiwili kuna faida ya kweli, na tofauti ya bei yake ni ndogo. Au unakuta diski ya zamani ya kuzunguka badala ya SSD, ile ya kisasa yenye kasi, au mazabodi (ubao mkuu) ya kampuni kubwa ya kompyuta za ofisi yenye plagi za umeme zisizofanana na za kawaida, hivyo kwamba pawa saplai ikiungua mwenyewe hawezi kununua nyingine popote mjini. Fedha ile ile ikitolewa kwa kadi moja ya kizazi cha karibuni, vijiti viwili vya RAM, SSD na pawa saplai ya kuaminika, kijana anapata mashine itakayomtumikia miaka mingi na ambayo fundi yeyote anaweza kuitengeneza.

Kuna kundi moja ambalo kadi mbili bado zinalifaa, nalo ni la watu wanaorenda picha za majengo na katuni za pande tatu kwa programu kama Blender, pamoja na wale wanaofundisha mifumo ya akili mnemba. Kazi hizo zinaweza kugawanywa vipande visivyotegemeana sana, kila kadi ikachukua chake, wala hakuna jicho linalosubiri fremu kwa mpangilio. Kwa ofisi za usanifu ambazo zimeongezeka hapa tangu Serikali ihamie Dodoma, mashine ya namna hiyo inaweza kurudisha gharama yake, ilimradi anayeinunua ajue kwamba kwa kawaida mchoro wake lazima utoshe ndani ya memori ya kadi moja. Watu hao wanajua wanachokitafuta na hawanunui kwa tangazo la WhatsApp. Tangazo linamlenga kijana wa gemu, na kwake yeye halina ukweli.

Ninaloliomba ni kwamba kila anayeuza kompyuta iliyokwisha kuunganishwa ampe mnunuzi karatasi, kabla ya malipo, yenye orodha ya vipuri vyote: jina kamili na mwaka wa kadi ya grafiki na memori yake kwa kadi moja, prosesa, idadi na ukubwa wa vijiti vya RAM, aina ya diski, jina la pawa saplai na ampea za mstari wake wa volti 12, vipi ni vipya na vipi vimetumika, na dhamana ni ya muda gani kwa kila kimoja. Risiti ya EFD tunayopewa huandika “kompyuta” na kiasi cha fedha, na kwa Mamlaka ya Mapato hilo linatosha, lakini mnunuzi akirudi na malalamiko hana cha kuonyesha zaidi ya ujumbe wa simu. Bila karatasi hiyo tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani inayoisimamia ingewasaidia wengi kwa kutoa mwongozo mfupi, kwa Kiswahili, unaosema waziwazi kwamba memori za kadi mbili zisitangazwe kama jumla kwa mtu anayenunua kwa ajili ya gemu. Vyuo vyetu vyenye idara za kompyuta navyo vinaweza kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la saa moja juu ya kusoma orodha hiyo, maana wao ndio wanunuzi wakubwa na ndio wanaopoteza zaidi.

Kwa wenye maduka, hasa wale ninaofahamiana nao na ambao ni watu waaminifu, nasema mashine za kadi mbili mlizo nazo zinaweza kuuzwa bila kumdhulumu mtu. Chomoeni kadi moja, iuzeni peke yake kwa bei ya kadi iliyotumika, na mashine iliyobaki ipangieni bei ya mashine yenye kadi moja. Zikaguliwe pia kama ni halisi, kwa sababu soko la dunia lina kadi za zamani zilizobadilishwa majina; programu ya bure ya GPU-Z tangu mwaka 2018 ina uwezo wa kuzitambua nyingi kati ya zile zinazojiita za NVIDIA.

Na aliyekwisha kununua asiitupe mashine yake. Aingie kwenye mipangilio ya draiva azime SLI au CrossFire, acheze gemu zake kwa siku chache, kisha alinganishe. Asipoona hasara, azime kompyuta, achomoe waya ukutani, atoe kadi ya chini ili ile ya juu ipate hewa, na kebo ya skrini aichomeke kwenye kadi iliyobaki. Kadi iliyotolewa aiuze mapema, kwa kuwa thamani yake inashuka kila mwaka, na fedha itakayopatikana aitumie kwanza kwenye pawa saplai nzuri, na ikibaki anunue SSD.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kompyuta,
Makole, Dodoma